Staftahi ya Idi na Aliyebaki Jikoni



Mwezi huu nimekusudia kuandika juu ya mikate. Najua ya kwamba wapo watakaoshangaa, kwani kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini ni kufundisha watoto Kurani, wala si kupika, na mwenye chuo akionekana na unga mikononi watu huchekeana. Lakini jambo lenyewe lilianza na sala, likaishia katika unga, na mimi nimeona ni haki nilieleze kama lilivyokuwa.

Miaka michache iliyopita, siku ya Idi ya Mfunguo Mosi hapa Tanga, nilirejea nyumbani kutoka uwanjani nikiwa nimevaa kanzu mpya, watoto wananifuata, na nyuma yao wageni wanane. Nikamkuta mke wangu ameinamia karai la mafuta. Sambusa zilikuwa upande mmoja, vitumbua upande wa pili, chapati zangoja zamu yao, na macho yake yamewiva kwa moshi. Nikampa mkono wa Idi. Akaupokea kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na unga, kisha akaniuliza: "Hotuba ya leo ilihusu nini, Mwalimu?" Nikamweleza. Akasema, "Takbira huzisikia kwa kipaza sauti. Mafuta yakianza kulia, sisikii tena."

Hakulalamika. Aliligeuza andazi akaendelea na kazi yake. Mimi ndiye niliyekaa barazani na kikombe cha chai nikafanya hesabu, nikaona ya kwamba tangu tuoane hajapata kusali Idi uwanjani hata mara moja. Na kila mwaka, ifikapo kumi la mwisho la Ramadhani, mimi huwasomesha wanafunzi ile hadithi ya Umm Atiyya iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake watolewe kwenda kushuhudia Idi zote mbili, hata wale wa ndani wasiozoea kutoka, hata wale wasio katika hali ya kusali, wakae pembeni waishuhudie kheri na dua. Nilikuwa nikiifundisha kwa tajwidi ya maneno, na nyumbani kwangu hapana aliyetoka.

Basi tukalizungumza jambo hili, mimi, yeye na binti yetu mkubwa, na binti ndiye aliyelifumbua. Alisema kwamba tatizo si wingi wa chakula bali ni namna ya mapishi. Tazameni: kikaango cha vitumbua kina mashimo saba. Mwenye kutaka vitumbua sitini na vitatu hana budi kukijaza mara tisa, na kila mara asimame, amimine, ageuze, atoe. Sambusa ni hivyo hivyo, chapati ni zaidi. Vyakula vyetu vizuri vya asubuhi karibu vyote hudai mtu asimame mbele ya moto, saa ile ile ambayo imamu anasimama mbele ya watu. Lakini mkate wa kuokwa katika sinia huiva wote kwa pamoja, wala hauhitaji kuangaliwa usoni. Ukishajazwa usiku, asubuhi wahitaji moto tu.

Mkate wa namna hii, wenye nyama au mayai katikati, Waingereza huuita sandwichi. Neno hilo ni jina la mji wao mmoja ulioko Kent, na mkate ulilipata kwa bwana mmoja wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha ukabaila kilichobeba jina la mji huo. Yasemwa aliagiza nyama baina ya vipande viwili vya mkate ili asiondoke kwenye meza ya kamari. Wanaomtetea husema ilikuwa meza ya kazi. Vyovyote iwavyo, watu walikula nyama ndani ya mkate kabla hajazaliwa. Sisi twachukua mkate, kamari twamwachia mwenyewe.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Vipimo hivi ni vya sinia moja la mikate midogo ishirini na minne, yaani nyumba ya watu kumi na wawili wakila miwili miwili. Mwenye wageni wengi azidishe.

Chukua unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 60, hamira kavu vijiko vitatu vya chai, na chumvi vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa. Changanya, kisha tia siagi au mafuta gramu 80, na maji ya uvuguvugu au maziwa kiasi cha mililita 600. Usiyamimine yote kwa mara moja, kwani unga hutofautiana. Bakiza kidogo uone unavyotaka. Kanda dakika kumi kamili mpaka donge liwe laini na lisigande mkononi. Lifunike kwa saa moja liumuke liwe maradufu. Kisha gawa madonge ishirini na manne, kila moja kama gramu 70, uyapange katika sinia la kuokea lililopakwa mafuta, safu sita za manne manne, yakaribiane. Yakiumuka mara ya pili, kwa nusu saa hivi, yatagusana, na ndivyo tunavyotaka. Oka kwa joto la digrii 190 dakika kumi na nane hadi ishirini. Asiyeweza kukanda anunue skonzi zilizoshikana, mradi azipate za siku ile ile.

Mikate ikipoa usiitenganishe. Hapa ndipo pana siri ya wepesi wote. Kwa kisu kirefu chenye meno pasua pande lote kwa ubapa, kama mtu anayefungua msahafu, upate tabaka la chini na tabaka la juu. Rudisha la chini katika sinia, litandaze kiini chote kwa mara moja, lifunike kwa la juu. Mikate ishirini na minne imekwisha jazwa kwa muda ambao mtu angejaza miwili.

Kiini chetu ni nyama ya kusaga kilo 1, vitunguu maji nusu kilo vilivyokatwa vidogo, thomu na tangawizi zilizotwangwa, bizari nyembamba, pilipili manga, na ndimu moja. Nyama na ikaangwe mpaka iive kabisa na maji yake yakauke. Kotmiri itiwe mwisho, moto umekwisha zimwa. Mayai sita ya kuchemsha, yaliyokatwakatwa, huiongeza nyama na kuilainisha. Nyama ikiwa ghali, na mwezi wa Idi huwa ghali, tumia mayai matupu: piga mayai kumi na mawili na vitunguu na viazi mbatata vilivyochemshwa, mimina katika sinia lililopakwa mafuta, oka kwa digrii 180 kwa dakika kumi na tano mpaka yagande katikati, kisha litandaze pande lote juu ya mkate. Watoto wangu huyapenda haya kuliko nyama, jambo ambalo mfuko wangu haukulikataa. Jibini iliyoparwa ni nzuri kwa mwenye uwezo, lakini si sharti.

Mwaka wa kwanza tuliharibu. Tulitandaza nyama ingali ya moto, tukaifunika, tukajisifu na kulala. Asubuhi mvuke ulikuwa umegeuka maji na tabaka la chini limekuwa uji. Wageni walikula kwa adabu na kijiko. Kumbe kiini hakina budi kupoa kwanza, na nyuso mbili za ndani za mkate zapakwa siagi nyembamba, kwani mafuta huzuia maji yasiingie. Tangu tuyajue hayo mawili mkate haujalowa tena.

Na hapa nawasihi kina mama na mabinti wanisikilize, maana ni jambo la afya. Katika joto letu la pwani chakula kilichopikwa kisiachwe mezani usiku kucha chini ya kawa. Vijidudu vya maradhi huzaana upesi baina ya digrii 5 na 60, na jikoni zetu zimo humo mchana na usiku. Kitandaze kiini katika sahani pana kipoe haraka, na kabla ya saa mbili kupita kiwe ndani ya jokofu. Ikiwa joto la siku limezidi digrii 32, basi saa moja. Nyumba isiyo na jokofu isijaze usiku. Na ioke mikate tu usiku, imenye vitunguu, na baada ya Alfajiri ichemshe mayai dakika kumi, iyaponde na siagi na pilipili manga, ijaze. Ni kazi ya nusu saa kwa watu wawili.

Nilisema watu wawili kwa kusudi. Usiku ule wa kwanza nilikuwa nimekaa nikimngoja mke wangu amalize kukanda, ndipo nikakumbuka alivyosimulia Bibi Aisha kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa sala ukafika akatoka. Nikakunja mikono ya kanzu. Mwanangu wa miaka kumi na mitano alipewa vitunguu, akalia machozi mengi kuliko siku aliyohitimu juzuu. Sasa kukanda ni kazi yangu, na mabega yangu yanajua.

Iko taabu moja ambayo wapishi wa nchi nyingine hawanayo, nayo ni mwezi. Idi ya Mfunguo Tatu twaijua siku nyingi kabla, maana ni siku ya kumi ya mwezi ulioandama. Lakini Idi ya Mfunguo Mosi, jioni ya tarehe ishirini na tisa hatujui kama kesho tutasali Idi au tutafunga, na mara nyingine habari hufika usiku watu wamekwisha lala. Sisi hufanya hivi: kiini hupikwa tarehe ishirini na nane kikawekwa jokofuni, ambamo hukaa siku tatu bila ya madhara. Donge hukandwa jioni ya ishirini na tisa likawekwa jokofuni pia, humo huumuka polepole bila kuharibika hadi siku ya pili, na ladha yake huzidi. Mwezi ukionekana, tunalitoa, tunaoka na kujaza usiku ule ule. Usipoonekana, donge hungoja, na kesho yake twaoka. Hakuna kinachotupwa.

Asubuhi ya Idi yenyewe, kabla ya kutoka, kila mmoja hula tende, tatu au tano, kama alivyopokea Anas kwamba Mtume (s.a.w.) hakutoka siku ya Idi ya Fitri mpaka ale tende kwa idadi ya witri. Njaa ya watoto hutulia kwa hizo. Sinia limo jokofuni limefunikwa, nyumba imefungwa kwa ufunguo, na sote tumetoka.

Tukirejea, binti huwasha oveni kwa digrii 180. Siagi gramu 100 huyeyushwa na thomu kidogo ikapakwa juu, ufuta ukanyunyizwa, sinia likafunikwa kwa karatasi ya foili. Huchukua dakika ishirini na tano hadi thelathini kwa kuwa limetoka katika baridi. Kisha foili huondolewa kwa dakika tano uso upate rangi. Choma kisu katikati, kihesabu kidogo, kitoe ukiguse: kikiwa cha moto sana, chakula tayari, kikiwa vuguvugu, rudisha. Mwenye kipimajoto na aone digrii 74. Muda huo ndio watoto wanaopita kuwapa wazee mikono na kupokea sikukuu zao, wala hapana anayeuhisi.

Asiye na oveni asivunjike moyo. Mama zetu waliupalia mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini, na njia ni ile ile. Weka sinia dogo ndani ya sufuria kubwa nzito, juu ya vijiwe vitatu lisiguse chini, funika kwa bati, kisha makaa machache chini na mengi juu. Moto wa chini ukizidi, mkate huungua kabla ya kati kupata joto. Lizungushe sinia mara moja katikati ya muda. Wengine mtaani kwetu hulipeleka kwenye tanuri la bekari, na mwenye tanuri huchukua kidogo kwa kazi yake. Lakini siku ya Idi mkubaliane naye mapema, kwani naye yumo katika sala.

Kwa Mfunguo Tatu, ambapo sunna ni kula baada ya kurejea, sisi hujaza mayai au jodari wa kuchemsha aliyechambuliwa na ndimu, kwa sababu nyama ya kuchinja bado haijaja na ikija itakuwa nyingi.

Mwaka wa pili wa mikate hiyo tulikwenda uwanjani sote. Niliporejea nilimkuta mke wangu amefika kabla yangu na wenzake wa safu ya wanawake, wakizungumza hotuba, naye aliiona ndefu. Akavua buibui, akakata mkate wa pembeni akaonja, akasema chumvi haikutosha. Nikaongeza nusu kijiko, na hicho ndicho kipimo nilichokiandika hapo juu.