Mikumi ni Amana ya Wajukuu

Msafiri atokaye Dumila kupitia Kilosa hufika mji mdogo wa Mikumi, jirani na hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1964, yenye kilometa za mraba 3,230. Wapo wageni wanaopanda ndege ndogo Unguja alfajiri, wakawaona tembo na nyati wa uwanda wa Mkata, na jioni wakarejea pwani. Aidha, mwaka 2024 reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kupitia Kilosa. Neema hiyo tunaipokea. Lakini wageni wakizidi, huzidi pia hamu ya wenye mitaji kutaka kujenga mahoteli ndani ya hifadhi.

Hoteli huja na visima, majitaka, mitambo, malori na nyumba za wafanyakazi. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika penye mabwawa machache, na kisima cha hoteli huwa mshindani wao. Tayari barabara kuu ya Iringa inaikata hifadhi kwa takriban kilometa 50, na wanyama hugongwa na magari. Barabara ile ililazimu kwa haja ya taifa; hoteli hailazimu kuwa ndani.

Ndugu zetu wa Visiwani hawana haja ya kuhubiriwa. Wameona jinsi ukuta wa hoteli unavyoweza kumzungusha mvuvi aifikiapo ngalawa yake.

Ikumbukwe kuwa Septemba 1961, katika tamko lililotolewa Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kuwa wanyama pori watatunzwa kama amana ya watoto na wajukuu. Aliyepokea amana hana ruhusa ya kuipunja.

Hatusemi utalii ukomeshwe. Tunasema mgeni alale nje ya hifadhi, aingie mchana. Akilala Dumila, Kilosa au Mikumi mjini, mkulima atauza mchele na nyanya, vijana watapata kazi karibu na kwao, na halmashauri itapata ushuru.

Maofisa wanaohusika wanao mpango wa usimamizi wa hifadhi. Usibaki karatasi ya kabatini. Kila ombi lipimwe kwa maji na kwa mapito ya wanyama, na wananchi waelezwe hadharani. Usiache mbachao kwa msala upitao: kundi la tembo likihama, halirudishwi kwa barua ya ofisi.