MAKENGEZA YALIYOFICHIKA
Jambo liwasumbualo vijana watakao kuwa marubani

Kijana atakaye kuwa rubani wa eropleni hana budi kupimwa na daktari kabla ya kupewa leseni. Wengi huingia chumbani mwa daktari bila hofu, maana husoma herufi zote zilizo ukutani, hata zile ndogo kabisa, wala hawajapata kuvaa miwani. Kisha hushangaa kuambiwa kwamba macho yao yana kasoro: kila jicho peke yake ni zima, lakini yote mawili pamoja hayaendi sawasawa. Baadhi yao hukata tamaa papo hapo, wakidhani kwamba mlango umefungwa. Wengine hujaribu kuificha habari hiyo. Hawa na wale wote hukosea, na yafaa sababu yake ielezwe.

Kazi ya misuli ya macho

Kila jicho lina misuli sita iliyoshikamana nalo kwa nje, nayo ndiyo iligeuzayo juu, chini na kando. Mtu atazamapo kitu, misuli yote kumi na miwili hufanya kazi pamoja, kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja wakivuta jembe. Kila jicho hupeleka picha yake ubongoni, na ubongo huziunganisha picha mbili kuwa moja.

Kwa watu wengi nira hiyo haikukaa sawa kabisa. Jicho moja hupenda kuelekea puani, au upande wa sikio, au juu kuliko mwenzake. Jicho likipotoka waziwazi, kila mtu huyaona makengeza. Lakini mara nyingi ubongo hulivuta jicho hilo na kulirudisha mahali pake wakati wote, hata mwenyewe hajui, wala mama yake hajapata kuona. Hayo ndiyo makengeza yaliyofichika. Yakiwa kidogo si ugonjwa.

Hatari yake angani

Kulivuta jicho ni kazi, na kila kazi huchosha. Rubani akikosa usingizi, akiwa mgonjwa, akiwa na pombe mwilini, au akikosa oksijeni ya kutosha juu sana angani, ubongo waweza kuliachilia jicho. Hapo kitu kimoja huonekana kuwa viwili. Na afikiriwe rubani ashukaye usiku, nyuma yake wamo abiria, naye aona safu nne za taa za uwanja mahali palipo na mbili. Dereva wa lori aweza kusimama kando ya njia akafikicha macho. Rubani hana nafasi hiyo.

Jinsi daktari apimavyo

Kwanza, daktari humwambia mtu akazie macho taa ndogo, kisha hufunika jicho moja, halafu jingine. Jicho lililofunikwa hupumzika na kwenda lipendako. Likifunuliwa hurudi mbio, na daktari huuona mwendo huo.

Pili, huweka mbele ya jicho moja kioo chekundu chenye vijiti vilivyopangwa sambamba, kilichobuniwa na daktari Mwingereza Ernest Maddox. Jicho hilo huona mstari mwekundu, na mwenzake huona taa nyeupe. Kwa kuwa picha hizo hazifanani, ubongo hauwezi kuziunganisha, na kila jicho hukaa lipendavyo. Mstari ukipita katikati ya taa, ni vema. Ukiwa kando, daktari huweka vioo vyenye umbo la kabari, kimoja baada ya kingine, mpaka mstari uifikie taa. Vioo hivyo hupimwa kwa dayopta za prizimu: kioo cha dayopta 1 huupotosha mwanga kwa sentimita 1 katika umbali wa meta 1.

Kanuni zisemavyo

Nchini Marekani, marubani wa daraja la kwanza na la pili, yaani wale wafanyao kazi ya urubani kwa malipo, wamewekewa mpaka wa dayopta 6 za kuelekea puani, 6 za kuelekea nje, na 1 tu ya juu. Kipimo cha juu ni kidogo kwa sababu macho hayana nguvu nyingi za kuunganisha picha zilizopishana juu na chini. Rubani wa daraja la tatu, arukaye kwa kujifurahisha, hadaiwi kipimo hiki.

Lakini mpaka huo si ukuta. Aliyeupita aweza kupelekwa kwa mtaalamu wa macho, na kama hana kasoro nyingine hupewa hati yake wakati majibu yakingojewa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama wake, nalo linasema kwamba macho yasiyolingana si lazima yamzuie mtu, maadamu nguvu ya akiba ya kuyaunganisha yatosha kumwepusha na uchovu wa macho na kuona vitu viwili viwili. Basi daktari haulizi tu jicho limepotoka kiasi gani; huuliza pia kama mwenyewe aweza kulishika.

Wiley Post wa Marekani alipoteza jicho la kushoto katika ajali kwenye visima vya mafuta mwaka wa 1926. Hata hivyo, mwaka wa 1933 aliizunguka dunia peke yake kwa eropleni, mtu wa kwanza kufanya hivyo, kwa muda wa siku 7, saa 18 na dakika 49. Jicho moja litiilo lilimfaa kuliko mawili yagombanayo.

Lipasalo kufanywa

Kijana atakaye urubani apimwe na daktari aliyeidhinishwa kabla baba yake hajauza ng'ombe au shamba kulipa karo ya chuo. Alale vya kutosha usiku wa kuamkia siku ya kupimwa, na asinywe pombe. Kama ana miwani, aichukue. Kama huumwa kichwa asomapo, au maandishi humchezea jioni, aseme kweli. Huenda miwani, au mazoezi ya macho, au pengine upasuaji, ukamsaidia. Ila ajuaye ukweli akauficha huwaficha pia wale watakaoketi nyuma yake, nao hawana usukani mikononi.