Dalili za Madini Udongoni

Chembe inayong'aa ikiokotwa bondeni Kurui, wilayani Kisarawe, haithibitishi kuwa chini ya shamba lile pana madini. Maji ni mchukuzi; huenda ameitoa mbali, tena huenda ni ulanga tu.

Huko Finland na Kanada mchukuzi alikuwa barafu. Zamani sana barafu nene ilisaga miamba na kuburuta unga wake, nao wataalamu huupima unga huo wakirudi nyuma, kinyume cha mwendo wa barafu, hata wafikie mwamba wenye shaba uliofunikwa. Pwani yetu haikupitiwa na barafu hiyo, lakini njia ni ileile: hupimwa mchanga wa vijito, udongo, hata kichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha juu chembe za chini. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ilitafutwa hivyo katika miaka ya 1970 na mradi wa Umoja wa Mataifa: udongo kwanza, uchorongaji baadaye.

Sampuli moja haitoshi kung'olea mikorosho. Huchukuliwa nyingi, kwa mistari, hata ijulikane kipimo kinapozidi. Aidha, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yataka mtafutaji awe na leseni.