Nati za uchochoroni: usizilazimishe!

Wadau, wiki hii nashinda gereji moja mtaani, tunatoa manifodi ya ekzosi kwenye Corolla ya miaka ya 90, injini 4A-FE. Nati za juu zilitoka fasta. Za chini, loh! Mkono haufiki, macho hayaoni, kutu kibao.

Zinagoma kwa sababu ekzosi inachemka na kupoa kila safari, na kutu inajaa kwenye meno. Hatari yenyewe iko kwenye hedi. Hii ni ya alumini, laini kuliko chuma cha stadi. Ukitumia ubabe, meno ya hedi yanang'oka au stadi inakatikia ndani, na hapo jamani ni drili, kukata meno upya, pengine hedi ishushwe nzima. Kwa ajili ya nati moja!

Sasa fanyeni hivi. Injini ipoe kabisa, chomoa waya wa hasi wa betri. Puliza dawa ya kulainisha kutu jioni, acha ilale. Ingiza simu, piga picha uone nati imekaaje. Boksi iwe ya pembe 6, ya 12 inakula kichwa upesi. Unganisha ekstensheni na jointi inayopinda, ila ikipinda sana inateleza. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikianza kulia, rudisha, puliza tena, endelea taratibu.

Bomba la kurefusha mpini mimi siafiki hapa. Na wale wa moto wa gesi: karibu na paipu za petroli msithubutu!