Mtaa wa Garrett: Fahari ya Lisbon iliyonusurika tetemeko na moto

MTAA wa Garrett, ulioko eneo la Chiado jijini Lisbon, Ureno, si mrefu; mtembea kwa miguu huumaliza kwa dakika chache. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili wakazi wa mji mkuu huo wameupanda mteremko wake kutafuta vitambaa, vito na vitabu.

Sura yake ya leo inatokana na maafa. Novemba 1, 1755, tetemeko la ardhi lililofuatiwa na mawimbi makubwa ya bahari na moto liliangamiza sehemu kubwa ya Lisbon. Jiji lilipojengwa upya, duka la vitabu la Bertrand, lililoanzishwa mwaka 1732, lilihamia mtaani hapo mwaka 1773. Mwaka 2011 kitabu cha rekodi cha Guinness kililitambua kuwa duka la vitabu kongwe zaidi duniani ambalo bado linafanya biashara.

Karne ya 19 ndiyo iliyoupa mtaa huo hadhi, pamoja na jina la mwandishi Almeida Garrett (1799-1854). Matajiri wa wakati huo walipenda mitindo ya Ufaransa, na duka la vitambaa lililofunguliwa mwaka 1888 liliitwa Paris em Lisboa, yaani Paris ndani ya Lisbon. Mwaka 1905 likafunguliwa A Brasileira, duka la kahawa ya Brazil, ambalo baadaye lilikuwa mkahawa wa wasanii na waandishi, akiwamo mshairi Fernando Pessoa.

Alfajiri ya Agosti 25, 1988, moto ulizuka katika duka kubwa la Grandella, jirani na mtaa huo. Watu wawili walipoteza maisha na majengo 18 yaliharibiwa. Magari ya zimamoto yalikwamishwa na viti na masanduku ya maua yaliyowekwa katika mtaa wa Carmo. Isitoshe, maduka na ofisi zilikuwa zimechukua nafasi ya makazi, hivyo usiku eneo hilo lilikuwa na watu wachache.

Msanifu majengo Álvaro Siza Vieira, aliyekabidhiwa kazi ya ujenzi mpya, alizingatia fundisho hilo. Alihifadhi sura za mbele za majengo, akarudisha makazi katika ghorofa za juu na kufungua njia za waenda kwa miguu. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kilifunguliwa mwaka 1998, na mwaka uliofuata jengo la Armazéns do Chiado, lililoungua, likafunguliwa tena kama kituo cha maduka.

Tishio la sasa ni kupanda kwa kodi za pango, kunakochochewa na wingi wa watalii na makampuni ya kimataifa. Mwaka 2015 halmashauri ya jiji ilianzisha mpango wa kuyatambua na kuyasaidia maduka ya kihistoria, kwani ukuta ulioungua hujengwa tena, lakini duka la karne likishafungwa ni vigumu kulirejesha.