Jiko la Katikati, Dari ya Juu: Moshi Utokee Wapi?

Ramadhani iliyopita tulialikwa futari katika nyumba mpya ya jamaa zetu, upande wa Nyali, Mombasa. Nyumba ilipendeza machoni. Sebule na jiko vimeunganishwa pasi na ukuta, dari imeinuka kwa mteremko kulifuata paa, na katikati ya jiko pamejengwa meza pana ya mawe yenye jiko la gesi juu yake. Mama mwenye nyumba alikuwa akikaanga sambusa huku akizungumza nasi. Kabla ya adhana ya Magharibi, macho yalikuwa yanatuwasha, mabuibui yetu yamenuka mafuta, na mtoto wake mwenye pumu amehamishiwa chumba cha ndani. Tulipotazama juu, tuliona boriti ambazo hazijatimiza mwaka zimekwisha kupata utando wa njano.

"Fundi alituambia dari ikiwa juu hakuna haja ya kitu," alisema yule mama. "Moshi utapanda wenyewe."

Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Moshi hupanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Lakini kadiri upandavyo ndivyo utanukavyo, ukachanganyika na hewa ya chumba na kupoa. Ukifika juu hauna tena nguvu ya kutafuta mlango. Mafuta hugandamana na mbao, na chembe ndogo hurudi chini kuvutwa na waliomo. Jiko la katikati lina udhaifu zaidi: halina ukuta wa kuukinga moshi, hivyo kila upepo unaopita dirishani huusukuma kando.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Katika nyumba nyingi za mawe za Lamu, jiko liliwekwa juu kabisa, mara nyingi chini ya paa la makuti lililo wazi pembeni. Kilichowafaa hakikuwa kimo peke yake, bali uwazi. Sisi tumechukua kimo, uwazi tukauziba kwa dari na vioo.

Anayelipia ni mpishi na watoto walio karibu naye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano. Chanzo kikubwa ni kuni, makaa na mafuta ya taa. Gesi ni safi kuliko hivyo vyote, lakini moto wake nao hutoa hewa zinazowadhuru wenye pumu, na mafuta ya kukaangia hutoa moshi wake hata kama jiko ni la umeme.

Njia zilizopo

Ya kwanza, na iliyo bora, ni kofia ya kufyonza moshi inayoning'inia kutoka darini, yenye bomba linalotoka nje kupitia paa. Iwe sentimita 65 hadi 75 juu ya jiko la gesi, au kama mtengenezaji alivyoagiza, na ilizidi jiko kwa sentimita 7 hivi kila upande. Kwa jiko la upana wa sentimita 90 lililo katikati, tafuta nguvu ya takriban mita za ujazo 750 kwa saa; la ukutani hutosheka na pungufu ya hapo. Dari ikiwa ya mteremko, huhitajika bomba refu la kuifikia kofia chini na kiungo kinachofuata mshazari wa dari. Wapo wanaoipandisha kofia ili isizuie mandhari. Wafanyao hivyo hununua pambo.

Ya pili ni mashine inayofyonza kutoka mezani, kando ya jiko, na kupitisha moshi chini ya sakafu. Haionekani, na hufaa kwa sufuria fupi na kikaango. Kwa sufuria kubwa ya biriani haifui dafu, kwani mvuke hutokea juu mno.

Ya tatu ni mashine inayochuja hewa kwa mkaa na kuirudisha chumbani. Hupunguza harufu, lakini joto, mvuke na hewa ya sumu hubaki. Tuichague pale tu ambapo bomba haliwezekani kabisa, kama katika baadhi ya nyumba za ghorofa.

Ya nne ni matundu au feni karibu na kilele cha dari. Husaidia sana kutoa joto, lakini ni msaidizi wa kofia, si mbadala wake.

Mambo ya kumwuliza fundi

Bomba linaishia wapi? Lisiishie ndani ya paa juu ya dari, kwa maana mafuta yatajikusanya humo na kuwa kuni za moto. Lisipite wala kutolea karibu na makuti. Lisielekee dirisha la jirani pia. Haki yake haikomi kwenye ua.

Bomba ni pana kiasi gani? Kwa nguvu tuliyoitaja, sentimita 20 zinafaa. Liwe la bati laini, fupi, lenye kona chache. Likiwa jembamba, mashine hupiga kelele na mwishowe huzimwa. Mdomo wake uwe na kifuniko cha kuzuia mvua za kusi, na vyuma viwe visivyoliwa upesi na chumvi ya bahari.

Hewa mpya itaingilia wapi? Mashine haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Dirisha la vibao au matundu ya nakshi huleta hewa na kuhifadhi sitara. Pawepo pia matundu karibu na sakafu, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hulala chini, na kofia iliyo juu haiifikii.

Ndani ya nyumba, tuiwashe mashine dakika chache kabla ya kupika na kuiacha dakika kumi baada ya kumaliza. Feni ya dari izimwe wakati wa kukaanga, maana huvuruga moshi kabla haujafika kwenye kofia. Vichujio vya chuma vioshwe kwa maji moto na sabuni kila mwezi.

Jamaa zetu walipofanya hesabu, kulitoboa paa lililokwisha kuezekwa kulizidi uwezo wao kwa mwaka huu. Basi wameweka jiko dogo la gesi ukutani, kando ya dirisha, na feni ya kutoa hewa juu yake. Sambusa, mahamri na vitunguu vya biriani hukaangwa hapo. Meza ya kati imebaki ya chai na kupasha chakula. Mtoto sasa hukaa na mamaye jikoni.

Kwa wanaojenga, tunawasihi: kabla paa halijafungwa, mama wa nyumba aitwe asimame mahali atakapopikia, na aulizwe moshi wake utatokea wapi. Bomba huwa rahisi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.