SOMO LA LEO: MOTOKAA YA DIZELI ILIYOPUNGUKIWA NGUVU

 

Leo tunazungumza habari ya motokaa ya dizeli inayochelewa kuwaka, ikiwaka hutetemeka, na ikifika mlimani hukosa nguvu. Mwenye gari huambiwa upesi, "Pampu imekufa." Pampu ni ghali. Basi kabla hujatoa fedha yako, chunguza mwenyewe nyumbani.

Kwanza fahamu jambo moja. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana. Ndipo nozeli hunyunyiza mafuta, nayo yakawaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii yataka vitu vitatu: hewa ya kutosha, mgandamizo mzuri, na mafuta safi yasiyo na maji wala upepo.

Sasa toa gari nje ya banda, mwambie mwenzako aliwashe, nawe utazame moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Tazama chujio la hewa, pengine limejaa vumbi. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua; hiyo ni kazi ya fundi. Moshi mweupe asubuhi, injini ikiwa baridi, ni mafuta yasiyoungua. Huenda hita plagi moja imekufa. Lakini ukidumu hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua, usiendeshe: yamkini gasketi ya silinda hedi imeungua.

Je, moshi ni wa kawaida, ila gari linakatakata? Zima injini, ufuate njia ya mafuta. Weka kopo chini ya chujio la mafuta, legeza skrubu ya chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatatoka kwanza. Chujio kuukuu libadilishe. Kisha kagua mipira itokayo tangini na kaza klipu zake. Mpira wenye ufa mahali hapa huenda usivuje hata tone, bali ukavuta upepo ndani.

Mwisho toa upepo. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, bonyeza pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta matupu yatoke. Kaza papo hapo.

Angalieni sana! Mabomba membamba ya chuma yaendayo kwenye nozeli msiyafungue injini ikinguruma, wala msitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta yale hupenya ngozi. Aliyepigwa nayo, hata tundu likiwa dogo kama la sindano na lisiume, aende hospitali saa ile ile, asije akapoteza mkono.

Ukimaliza haya na gari likabaki vile vile, nenda kwa fundi wa pampu. Sasa utakuwa na la kumweleza.

Zoezi: Kwa nini mpira wenye ufa huweza kuzima injini bila kumwaga mafuta?

Kwaherini.